Matanga ya Mtu Anayepiga Chafya

Jirani yangu Si Tijani Ben Ammar ("Si" kwetu Tunisia ni kama Bwana) anaishi kwa pua yake, na pua yenyewe haimtaki. Ukitaka kumwelewa binadamu huyu anzia hapo, maana mengine yote yametokea hapo. Kila mwaka Machi inapoelekea ukingoni, midanzi ya mji wetu wa Nabeul, ile michungwa ya machungwa machungu, inafunguka maua, wanawake wanapanda ngazi kuyachuma, magunia yanaingia sokoni asubuhi mapema, na kila nyumba yenye heshima zake inanunua wazna mbili tatu za kupika. Wazna ni kilo nne za maua. Wengi tunapika wenyewe, lakini mwenye harusi, au mwenye mama mkwe mkali, anampelekea Si Tijani. Yeye anachuchumaa mbele ya jungu lake la shaba, anachochea moto, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, na maji ya maua yanadondoka chupani. Ufundi wote uko mwishoni. Ukikata mapema umepoteza marashi. Ukichelewa, tone la mwisho linakuja na harufu ya majani yaliyochemka na chupa nzima imeharibika. Hakuna saa wala kipimo cha kukuambia. Si Tijani anainamisha pua kwenye mdomo wa chupa, anafumba macho, halafu anasema, "Basi."

Na pua hiyo ina aleji ya maua ya mdanzi. Mchinjaji anayeogopa damu angalau anaweza kutazama pembeni. Huyu atazame wapi?

Chafya zake nimezisikia ukutani miaka thelathini na moja. Zinakuja saba saba. Mkewe Douja anazihesabu kwa sauti huku anakata vitunguu, na ikifika ya saba anasema, "Alhamdulillahi, tumemaliza," kisha anaendelea na vitunguu vyake. Paka wa mtaa wamezizoea. Wageni wanaopita barabarani hujishika ukutani.

Mimi naitwa Radhia. Nilifundisha jiografia shule ya wasichana, sasa nimestaafu, na nina kasoro moja ambayo naisema mwenyewe kabla Douja hajanitangulia: sijui kusema "sijui".

Miaka miwili iliyopita Hechmi, kaka yake Si Tijani, alianguka sokoni siku ya Ijumaa akiwa anabishania samaki. Hakuinuka. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mcheshi, na hakuwahi kulalamika hata kuumwa jino. Kumbe mishipa ya moyo ilikuwa imeziba kwa mafuta. Baada ya mazishi daktari akawapima ndugu wote, na kolesteroli ya Si Tijani ikatoka juu kuliko ya wote. Akaandikiwa kidonge kimoja kila siku, siku zote za maisha yake. Daktari hakumwambia yeye, alimwambia Douja, maana madaktari wetu wanajua nani anasikiliza: "Bibi, hiki kidonge usikiache. Kwenye ukoo huu moyo hautoi taarifa." Tangu siku hiyo Douja humletea mumewe kidonge kila asubuhi kwenye kisahani, anasimama mbele yake na kumtazama koo mpaka kishuke.

Mwaka huu maua yalikuwa mengi ajabu, na chafya nazo zikawa hazihesabiki. Wiki ya kwanza tu Si Tijani alikuwa na pua nyekundu na macho ya mtu aliyefiwa. Nikamwonea huruma. Nilikuwa na vidonge vya aleji vilivyobaki tangu mwaka ule nilipoumwa na nyuki, nikampa kwa juu ya ukuta.

"Meza kimoja," nikamwambia.

"Kimoja ni cha watoto," akajibu, akameza viwili.

Vilikuwa vya zamani, vile vya kuleta usingizi. Saa nne asubuhi alikuwa amelala mbele ya jungu kwa mkao wa kuchuchumaa, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Maua yaliyokuwa jikoni yalikuwa ya Lella Wassila, yaani Bibi Wassila, mama wa bibi harusi mmoja. Alipokuja kuchukua chupa zake, akafungua moja, akanusa, akamtazama Si Tijani kwa muda mrefu.

"Si Tijani, mimi nilikuletea maua. Hii uliyonipa ni supu?"

"Lella Wassila, nisamehe, nilipitiwa."

"Ulipitiwa na nini, treni?"

Akaona aibu mzee wa watu. Siku hiyo hiyo akaenda duka la dawa kutafuta dawa ya aleji isiyoleta usingizi, na akapata. Mhudumu akamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Nyuma yake kwenye foleni, kwa bahati yake mbaya, alikuwa amesimama Lella Wassila. Si Tijani akajibu kwa sauti ya kidume, "Mimi? Mimi sijawahi kuumwa," akalipa na kuondoka.

Dawa ikamfaa. Chafya zikashuka mpaka moja kwa siku, tena ya adabu. Pua ikarudi kazini, chupa zikatoka safi, na mambo yangeishia hapo kama mimi nisingekwenda kuazima ungo. Nikaona pakiti mbili, ya kolesteroli na ya aleji, zimekaa pamoja kwenye rafu ya jikoni.

"Si Tijani! Unameza zote mbili?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Unauliza kwani? Fahali wawili hawakai zizi moja!"

Nikamweleza kwa kirefu. Nilichukua kalamu, nikamchorea mito miwili inayokutana, maji yanapanda, mafuriko, vijiji vinazama. Tumbo lake, nikamwambia, ndilo bonde.

"Umesoma wapi haya?" akaniuliza.

"Nimesoma."

Sikuwa nimesoma popote. Mchoro wenyewe ulikuwa mzuri sana, na mimi nikiona mchoro wangu umetoka vizuri huwa nauamini.

Si Tijani hakuwa na nia ya kuacha chochote, maana moja ilikuwa ya pua na nyingine ya Douja. Akatafuta mpatanishi. Na mtu wa Nabeul akitafuta mpatanishi wa jambo lolote, liwe la tumbo, homa au ndoa, anakwenda kwa danzi. Kila mtu hapa anajua kwamba danzi linakata mafuta, linasafisha damu na kutuliza hasira. Mitini bado yalikuwepo madanzi ya mwisho ya msimu, yameiva mpaka yamekunjamana. Akawa anayakamua: glasi kubwa asubuhi kwa kidonge cha kolesteroli, glasi kubwa adhuhuri ili kutenganisha, glasi kubwa jioni kwa kidonge cha aleji. Juisi ya danzi ni chungu hata mbuzi anakunja uso. Yeye aliimeza na kusema, "Inafanya kazi, naisikia." Mimi niliona ni wazo la busara, na nilimwambia hivyo.

Siku ya tisa miguu ikaanza kuuma. Mapaja, mabega, mpaka ngozi ya mgongo, kana kwamba amebeba magunia ya sokoni yote peke yake. Akawa anatembea kama bata anayekwenda ofisini. Kuchuchumaa mbele ya jungu akawa anaweza, kuinuka hawezi. Douja alikuwa anamvuta kwa mkanda.

"Unaona?" nikamwambia juu ya ukuta, na nakiri nilikuwa na furaha kidogo. "Fahali!"

"Basi mmoja lazima atoke zizini," akasema. Akafikiri. "Hiki cha aleji naiona faida yake. Nikiacha, kesho sina kazi. Hiki kingine miaka miwili nameza, sijasikia kitu. Sipati nguvu, sipati usingizi, sipati hata kujamba."

"Na Douja?"

"Douja anatazama koo. Hatazami chini ya ulimi."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo, na hapo ndipo mdomo wangu, ambao haujawahi kufunga tangu nizaliwe, ulipofunga. Kama ningesema, ningelazimika kusema pia kwamba mafuriko yale yalitoka kichwani mwangu. Nikarudi ndani nikakaanga bilinganya. Maumivu yake yakapungua siku baada ya siku, naye akazidi kuamini kwamba nina akili.

Siku ya kumi na mbili tangu aanze kuficha vidonge, Douja alihamisha mrihani wake wa uani kwenye chungu kikubwa. Alipoumwaga udongo alikuta vidonge kumi na viwili, vingine vimeanza kuyeyuka.

Hakupiga kelele. Ningesikia. Asubuhi ya siku iliyofuata aligonga mlango wangu, amejifunga shuka jeupe la mjane, uso mkavu.

"Dada Radhia, njoo unipe pole. Tijani amefariki."

Mikono ilikwishafika mashavuni, pumzi nimeshaivuta ya kupigia ukelele, ndipo ng'ambo ya ukuta mtu akapiga chafya iliyotikisa vyungu.

"Douja. Huyo ni nani?"

"Huyo ni marehemu."

Akanionyesha vidonge kwenye kiganja. "Nilikuwa najiuliza kwa nini mrihani umestawi. Moyo wake uko salama kabisa. Wa mume wangu ndio sijui. Nimeona bora nimlilie sasa hivi, angalau aone nani amekuja."

"Astaghfirullah, Douja, unaita balaa!"

"Balaa ameliita yeye. Mimi natandika mikeka tu."

Na kweli alitandika. Kufikia saa tano ua wake ulikuwa umejaa. Kwanza watu walikuja kwa hofu, kisha kwa udadisi, kisha kwa sababu walisikia Lella Wassila analeta mchuzi wa samaki. Mnajua desturi yetu: nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu, majirani ndio wanaopika. Mimi nilileta kuskusi ya kondoo, sinia kubwa kuliko kawaida yangu, na dhamiri ndiyo iliyoipima.

Adhuhuri Si Tijani akaingia kutoka kwenye jungu lake, jasho linamtoka, njaa imemshika. Akaona mikeka, wanawake, masinia.

"Kuna nini? Nani kafa?"

Douja alimgeukia Lella Wassila, akashusha pumzi. "Alikuwa anapenda sana pilipili, Mungu amrehemu."

"Alikuwa mtu mwema," akasema Lella Wassila. "Ila maua yangu aliyaunguza."

"Si niliomba msamaha!" akafoka Si Tijani.

"Na msamaha aliomba, maskini."

"Douja, acha upuuzi, nipo hapa! Nipe sahani!"

Akanyoosha mkono kwenye sinia langu. Douja akalivuta. "Chakula cha matanga ni cha waliobaki," akasema, bila kumtazama, na akamwekea kipande cha nyama mama mmoja ambaye hata hatumjui, alikuwa anapita tu. Si Tijani akapiga chafya. Wanawake wote kwa pamoja wakaitikia "Mungu amrehemu," na sauti yenyewe ilikuwa ya mazishini kabisa. Akatoka amekasirika, akaenda kula mkate mkavu na zeituni kwenye benchi la kinyozi, ambako wanaume walimpa pole kwa kufiwa na nafsi yake.

Siku ya pili mambo yakawa vile vile. Douja hakuwasha jiko, hakumpikia kahawa, na shati lake jeupe akaligawa sadaka. Jioni, jua likiwa bado lipo, kichwa cha Si Tijani kikatokeza juu ya ukuta wangu.

"Radhia. Nipe yai. Hata moja. Bichi sawa tu."

Nilimtazama yule mtu mzima anaomba yai, nikaona siwezi tena.

"Si Tijani, yale mafuriko sikuyasoma mahali."

"Nini?"

"Mito. Fahali. Niliyatunga. Mchoro ulikuwa mzuri, nikajisahau. Mimi sijui kama dawa hizo zinagombana. Sijui." Lilikuwa neno gumu, nikalirudia ili nilizoee. "Sijui."

Akaegemeza kidevu ukutani. "Sasa miguu iliniuma kwa nini?"

"Hilo nalo sijui."

Kesho yake asubuhi tukaenda duka la dawa sisi watatu, Douja mbele na shuka lake jeupe. Mfamasia ni Yosr, mwanafunzi wangu wa zamani. Mitihani ya mito alikuwa anapata alama za kusikitisha. Akamwambia Si Tijani atoe kila kitu anachokitia mdomoni. Akapanga mezani pakiti mbili, na kwa kuwa ni mtu mkweli akibanwa, akaweka na chupa ya juisi. Douja akasimulia yaliyobaki, kuanzia vidonge vyangu vya usingizi mpaka vile vya kwenye mrihani.

Yosr akasoma pakiti, akauliza kipimo cha kila moja, akaangalia kwenye kompyuta yake.

"Hizi mbili hazigombani, ami. Watu wengi wanazimeza pamoja, siku moja, hata saa moja. Ungesema siku ile uliponunua, ungejibiwa papo hapo."

Si Tijani alinitazama. Mimi nilitazama mabango ya dawa ya meno.

"Na hiyo chupa?"

"Juisi ya danzi. Ya kupatanisha."

"Glasi ngapi?"

"Tatu. Kubwa."

Yosr akaweka kalamu chini. "Mwenye kosa ndiye huyu."

Foleni nzima ikasimama wima. Mzee mmoja mwenye bakora akasogea mbele. "Binti, umesema nini? Danzi? Danzi la Nabeul?"

"Ndiyo, mzee. Linazuia dawa hii ya kolesteroli isivunjwevunjwe tumboni inavyopaswa. Sasa dawa nyingi kupita kiasi inaingia kwenye damu, inarundikana, misuli inauma. Balungi ndiyo hivyo hivyo. Si kila dawa ya kolesteroli ina tabia hiyo, lakini hii yake inayo."

"Umesomea wapi wewe? Babu yangu aliishi miaka tisini na saba kwa danzi!"

"Babu yako alikuwa anameza kidonge cha kolesteroli?"

"Alikuwa anameza danzi tu!"

"Basi hakuwa na wa kugombana naye."

Mwingine akapiga kelele kwamba ni fitina za watu wa Hammamet, mji wa jirani. Mama mmoja akaomba arudishiwe hela yake ya dawa ya kikohozi, kwa kuwa hawezi kununua kwa mtu anayetukana midanzi. Kisha Douja akainua mkono na kuuliza.

"Na maji ya maua, daktari? Yale anayopika yeye?"

Nakuapia hata feni ilisita. Mji mzima uko kwenye maji yale.

"Maji ya maua ni mvuke uliopozwa," akasema Yosr. "Hicho kitu kiko kwenye juisi, mvuke haukibebi. Tieni kwenye kahawa mnavyotaka."

Mtu akapiga kigelegele. Nadhani ni yule wa kikohozi.

Halafu Yosr akaacha utani. Alimpigia simu daktari wa Si Tijani hapo hapo. Wakakubaliana apimwe damu kwanza kuona kama misuli imeumia, ndipo aanze tena. "Na siku yoyote ukisikia misuli inauma bila sababu, ami, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, unakuja siku hiyo hiyo. Hufichi vidonge kwenye udongo." Akanigeukia mimi. "Na wewe mwalimu, dawa yako iliyobaki usimgawie mtu. Ya usingizi, kwa mtu anayekaa na moto? Angeungua yeye, siyo maua."

"Kweli," nikasema. Sikuongeza kitu, na Douja alinitazama kwa mshangao.

Majibu yakatoka baada ya siku mbili: misuli salama, aanze dawa, juisi basi. Douja akakunja mikeka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naanika nguo upande wangu wa ukuta. Wao walikuwa uani kwao. Nilimsikia Si Tijani ananung'unika kwamba maji matupu hayana ladha, kwamba mtu wa Nabeul kukatazwa danzi ni sawa na kunyang'anywa kitambulisho. Kisha akasema, nusu mzaha, nusu si mzaha:

"Siku zile umenikalia matanga, Douja, na hukutoa hata chozi. Una moyo gani wewe?"

Nilisikia Douja anavuta kiti, akakaa.

"Siku ya Hechmi," akasema, "mtu wa sokoni aligonga mlango huu. Akasema, 'Mwana wa Ben Ammar amekufa.' Hakusema yupi. Nilikaa chini hapa hapa, sikuweza hata kuuliza. Halafu ndiyo akasema jina. Na mimi, Tijani, nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mke wake Hechmi yuko njiani anakuja analia. Miaka miwili namtazama yule mwanamke usoni na sijawahi kumwambia. Mara ya pili sitabahatika."

Nilisimama na shati lililolowa mkononi. Sikusikia chafya wala mzaha. Nilisikia pakiti zinafunguliwa, moja, halafu ya pili, na maji yanamezwa mpaka mwisho, halafu glasi inawekwa juu ya meza.

"Tazama," alisema Si Tijani. "Na chini ya ulimi, tazama."